Kabla hujalipia miche, pima eneo lako

Mwaka juzi nilinunua miche 60 ya parachichi aina ya Hass, nikapanda kwenye kiwanja changu Chamazi, huku Temeke. Muuzaji aliniapia kuwa inakubali popote. Leo imebaki 4, nayo majani yameungua kwenye ncha. Hela ile ilikuwa ya kuongezea mzigo gengeni!

Kosa langu, sikujiuliza mti wenyewe unapenda kukaa wapi. Hass anataka ubaridi wa milimani, kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana unasikia Njombe, Rungwe na Siha. Baadhi ya simu zina programu ya dira inayosoma mwinuko. Simama kiwanjani uangalie. Yangu haikufika hata mita 150.

Halafu chimba shimo la futi mbili, mwaga ndoo ya maji, rudi kesho yake. Ukikuta maji bado yamesimama, parachichi sahau, mizizi itaoza.

Zunguka na mtaani uangalie miti mikongwe. Huku kwetu ni miembe, mikorosho na minazi, na ukivuka kwenda Mkuranga ni hiyo hiyo. Ramani ya bure kabisa hiyo, na mimi nilikuwa naipita kila siku.

Sasa nimepanda miembe dodo 12. Parachichi za gengeni nafuata sokoni Stereo, zimetoka huko kwenye baridi.

Wenye viwanja Bunju na Mbweni, simu zenu zinasoma mita ngapi?