Mvuta Sigara na Dawa Impasayo

Katika nyumba nyingi yuko baba au kijana aliyekwisha kuapa mara tatu au nne kwamba ameacha sigara, kisha akakutwa uani anavuta. Watu wa nyumbani humcheka, wakasema hana azma. Hukumu hiyo si ya haki. Huenda azma anayo, ila njia aliyoishika si yake.

Wavutaji hawako sawa. Yuko avutaye barazani na wenziwe, naye akiwa peke yake haikumbuki. Yuko avutaye kwa sababu ya dhiki na huzuni. Na yuko ambaye hajanawa uso, sigara iko mdomoni. Mwaka 1978 Karl Fagerström, mtaalamu wa Sweden, alitunga maswali ya kupima jinsi mtu alivyotekwa na nikotini. Swali moja kubwa ni hili: baada ya kuamka, hupita muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Katika maswali hayo, kama yalivyosahihishwa mwaka 1991, avutaye ndani ya dakika 5 huhesabiwa kuwa ametekwa sana.

Basi kila mmoja ana lake. Wa barazani yampasa kwanza abadili kikao. Mwenye huzuni atibiwe huzuni pamoja na sigara. Aliyetekwa huhitaji plasta ya nikotini ya kubandika ngozini, au ubani wa kutafuna wenye miligramu 4, si 2. Hata ini lina neno lake: utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu ambao miili yao huvunja nikotini kwa kasi ya kawaida walifaulu zaidi kwa vidonge vya vareniklini kuliko kwa plasta, lakini kwa wavunjao polepole dawa hizo zilikaribiana, na vidonge viliwaudhi zaidi. Kwa hiyo tabia peke yake haitoshi kuchagua dawa. Daktari na aulizwe.

Mwezi wa Ramadhani hutufunulia mengi. Mmoja kichwa humgonga tangu asubuhi. Mwingine haikumbuki sigara mpaka aketi na wenziwe baada ya tarawehe. Enyi watu wa nyumbani, yatazameni hayo. Ndugu yenu akirudia kuvuta, msimcheke. Mwulizeni kwa upole: ni sigara ya saa ngapi iliyokushinda? Jibu lake ndilo mwanzo wa dawa yake.