Risasi Katika Sufuria za Alumini Chakavu

Sufuria nzito za kusubu hupendwa kwa sababu bei yake ni nafuu na hazibonyei upesi. Mafundi huzitengeneza kwa alumini chakavu: vipande vya injini, rejeta za magari, makopo na sehemu za kompyuta, ambavyo huyeyushwa pamoja na kumiminwa katika kalibu. Kazi hiyo hupunguza taka na huwapa watu riziki. Hata hivyo, hakuna awezaye kutambua kwa macho metali zote zilizomo katika mchanganyiko huo.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, zikiwamo Kenya na Tanzania. Ili kuiga upishi, asidi hafifu, ya aina ile iliyomo katika siki, ilichemshwa ndani ya vyombo hivyo. Takriban theluthi moja yake ilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya madini ya risasi kwa kila mililita 250 za kimiminika. Vingine vilitoa pia kadimi na aseniki.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Wakati wa ujauzito, risasi hiyo hurudi katika damu ya mama na kupita kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua. Kwa watu wazima huchangia shinikizo la damu na maradhi ya figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Ugumu ni kwamba madhara haya hayana dalili bayana. Mtoto huyo hana homa wala kikohozi. Huonekana tu mzito wa kujifunza, naye hulaumiwa kwa uvivu. Kipimo cha damu ndicho kinachoweza kuthibitisha. Kikionesha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kinapaswa kutafutwa na kuondolewa.

Kinga huanzia jikoni. Vyakula vyenye nyanya, ndimu au ukwaju visipikwe wala kulazwa katika sufuria za aina hii, kwani uchachu huyeyusha metali. Kuzisugua kwa mchanga au stilwaya huondoa utando unaokinga alumini. Uji wa mtoto upikwe katika chombo cha chuma cha pua, na mlo wake uwe na madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa risasi.

Karakanani, betri, vipande vilivyopakwa rangi na vilivyounganishwa kwa lehemu vitengwe kabla ya kuyeyusha, na watoto wasikae karibu na tanuri. Fundi mwenyewe ndiye wa kwanza kuvuta moshi wake.