Wakili wa kampuni na wakili wa kukodi: nani anafanya kazi ya nani?

Kiwanda kinapomletea mkulima mkataba, mara nyingi karatasi ile imeandikwa na mwanasheria. Anaweza kuwa mwajiriwa wa kiwanda, au ametoka ofisi ya mawakili iliyokodiwa. Tofauti hiyo tuielewe, maana hata vyama vyetu vya ushirika hukutana na uamuzi huo huo: tuajiri wetu au tukodi?

Idara ya ndani hulipwa mshahara kila mwezi, kazi iwepo isiwepo. Faida yake ni kuijua kampuni: mikataba ya msimu uliopita iko kabatini, na jibu linaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Udhaifu wake ni kwamba mwajiriwa huona vigumu kumwambia bosi wake amekosea.

Ofisi ya nje hulipwa kwa kazi au kwa saa. Huitwa kwa mambo mazito yasiyotokea kila siku, kama kesi kubwa ya ardhi au mgogoro wa kodi. Ina uzoefu wa wateja wengi, lakini kesi ikirefuka, na gharama hupanda.

Matangazo nayo ni hivyo hivyo. Sisi redioni huyapokea kutoka ofisi ya masoko ya kampuni yenyewe au kwa wakala. Kwa miaka mingi desturi ya kimataifa ilikuwa wakala kubaki na asilimia 15 ya fedha za tangazo. Lever Brothers ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni ya Sunlight, walikuwa na idara yao, ikaja kuitwa Lintas. Baadaye Lintas ikahudumia wateja wengine, kisha ikawa mali ya Interpublic ya Marekani.

Sasa turudi kwenye chama chako, ambako ada ya wakili hutoka kwenye makato ya mazao yako. Kabla ya kunyoosha mkono mkutanoni, uliza:

Kazi hii hutokea mara ngapi kwa mwaka? Ikiwa ni mara moja au mbili, mshahara wa miezi 12 ni mzigo.

Nani ndani ya chama ataikagua kazi ya wakili wa nje? Ada iandikwe kabla hajaanza, naye aonyeshe cheti cha uwakili cha mwaka huu, kwa kuwa hapa Tanzania huhuishwa kila mwaka.

Anamtetea nani? Wakili anayelipwa na kiwanda, wa ndani au wa kukodi, ni wa kiwanda. Hata akikufafanulia mkataba kwa upole, si wakili wako.

Kwa hiyo usitie sahihi siku hiyo hiyo. Omba nakala, uipeleke kwa afisa ushirika wa wilaya au kwa msaidizi wa kisheria, ambaye huduma yake, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ni bure.