Seva Iliyokataa Kuamka

Seva ya shule inapoduwaa, swali la kwanza ofisini huwa ni lile lile: "Alama za wanafunzi zimekwenda?" Shule kadhaa siku hizi huweka alama za mitihani na fomu za ripoti katika seva moja. Ikikwama wiki ya kufunga shule, walimu huhema juujuu. Hebu basi tuieleze hitilafu moja ambayo hutisha kuliko inavyodhuru.

Seva nyingi huendeshwa na Linux, mfumo alioutoa Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Ufini. Ndani yake mna faili fupi, /etc/fstab. Hiyo ndiyo orodha ya bawabu: kila mstari wasema ni diski ipi ifunguliwe, ipachikwe mahali gani, ni ya aina gani (k.v. ext4) na kwa masharti yapi. Sasa mtu aongeza diski ya akiba, aandika mstari wake, akosea herufi moja tu. Seva yaendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea, maana kwa kawaida orodha husomwa inapowashwa. Kosa hulala. Majuma yapita, stima zapotea, zarudi, na loo! seva haiamki. Kila mtu hulaumu stima.

Kumbe seva inasubiri diski isiyoiona. Kwa kawaida husubiri sekunde 90, kisha huingia hali ya dharura: skrini nyeusi, ikiomba nywila ya msimamizi mkuu. Hapa ndipo utasikia, "Ah, tuweke Linux upya tu." Hasha! Kufanya hivyo kwaweza kufuta zile alama, ilhali bado zimo ndani salama salimini.

Soma skrini kwanza. Mara nyingi diski inayosubiriwa imetajwa. Toa nywila, kisha amri journalctl -xb ikupe habari kamili. Fungua fstab kwa nano. Ikikataa kuhifadhi mabadiliko, jua kwamba diski kuu imefunguliwa kwa kusomwa tu. Andika mount -o remount,rw / na itakubali. Mstari unaoushuku usiufute. Utangulize alama ya # ili upuuzwe, kisha uwashe upya. Ikiamka, mwizi umemkamata. Na kama msimamizi mkuu hana nywila, jinsi Ubuntu inavyokuja, washa kwa flashi yenye Linux, upachike diski ya seva, uifikie faili ile ile.

Mara nyingine hakuna aliyekosea herufi. Majina kama sda na sdb ni kama viti vya darasani: akija mgeni, watu huhama. Diski iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo, na orodha ikawa inamwita mtu asiye wake. Afadhali kutumia UUID, ambayo ni kama namba ya mwanafunzi ya usajili, haibadiliki ati kwa sababu amehama dawati. Amri blkid huionyesha.

Ukishaandika mstari mpya, usingoje stima zikupime. Andika findmnt --verify, kisha mount -a. Makosa mengi yatajitokeza papo hapo, seva ikiwa ingali macho, na utayarekebisha bila jasho.

Kwa diski ya akiba, ongeza neno nofail katika masharti. Seva itaamka hata diski hiyo ikiwa imechomolewa. Ila hapa pana mtego: diski isipokuwapo, nakala za akiba zitaandikwa katika folda tupu iliyo kwenye diski kuu, ziijaze polepole bila mtu kujua. Kwa hiyo kila seva inapowashwa, mwenye zamu aandike df -h aone kama diski ya akiba imo kweli katika orodha.