Kelele za Feni Baada ya Kubadilisha Diski ya Kipakatalishi: Chanzo na Utatuzi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika kipakatalishi, dalili ya joto ni mvumo wa feni. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huandika tasnifu zao katika vipakatalishi vilivyokwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Njia moja ya kuvihuisha ni kuondoa diski ya kale inayozunguka na kuweka diski mango, ijulikanayo kwa ufupisho wa SSD. Baada ya badiliko hilo mashine huwaka upesi na faili hufunguka mara moja, lakini wakati mwingine feni huanza kuvuma bila kukoma. Makala haya yanafafanua chanzo cha kelele hizo na utaratibu wa kuzitatua. Hoja kuu ni kwamba feni ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Lililo muhimu ni kuuelewa ujumbe wake.

Tofauti ya diski hizi mbili

Diski ya kale ina sahani ambazo, katika vipakatalishi, aghalabu huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Asili yake ni mashine ya kampuni ya IBM ya mwaka wa 1956, iliyokuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na ambayo ilihifadhi takriban herufi milioni 5 tu. Diski mango haina sehemu inayosogea. Data huhifadhiwa katika kumbukumbu ya flashi, uvumbuzi wa Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980. Kwa hivyo mvumo unaosikika hautoki kwenye diski mpya. Unatoka kwenye feni, nayo feni hutii amri za saketi inayopokea vipimo vya joto.

Vyanzo vya kelele

Chanzo cha kwanza ni kazi. Mfumo endeshi uliosakinishwa upya hupakua masasisho na kuorodhesha faili zote ili zitafutike kwa urahisi. Shughuli hizi huichosha prosesa kwa saa kadhaa, kisha hutulia zenyewe. Aidha, prosesa ni kama mwashi aliyekuwa akiletewa mawe kwa mkokoteni. Zamani alipumzika kila alipongoja. Sasa mawe yanaletwa kwa lori, hivyo hapumziki, na jasho linamtoka.

Chanzo cha pili ni upungufu wa programu. Mfumo mpya unaweza kukosa viendeshi vya mtengenezaji vinavyosimamia matumizi ya umeme na mwendo wa feni.

Chanzo cha tatu ni taarifa ya joto kukatika. Mfano bayana ni tarakilishi za mezani za iMac zilizotengenezwa na kampuni ya Apple kati ya 2009 na 2011. Mashine hizo zilipata kipimo cha joto kutoka kwa diski iliyotoka kiwandani. Diski nyingine ilipowekwa, kipimo kilikosekana, nayo feni ikazunguka kwa kasi ya juu kabisa ingawa hapakuwa na joto la kutisha. Mashine ilikuwa na busara yake: isipojua kiwango cha joto, hujihami kana kwamba inaungua. Katika kipakatalishi, waya wa kihisi joto uliolegea wakati wa ufunguzi huweza kuleta hali kama hiyo.

Chanzo cha nne ni kazi ya mkono. Waya uliopitishwa vibaya hugusa mabawa ya feni, na vumbi lililotikiswa huziba njia ya hewa. Zaidi ya hayo, baadhi ya diski mango za kasi, hasa za aina ya NVMe, hutoa joto jingi zinapofanya kazi nzito.

Utaratibu wa utatuzi

Kabla ya lolote, nakala ya kazi zote ihifadhiwe mahali pengine. Kisha sauti yenyewe isikilizwe. Mvumo laini unaopanda na kushuka huashiria joto. Mkwaruzo au mgongano huashiria kitu kinachogusa feni, na hapo mashine izimwe mara moja.

Ikiwa ni mvumo, orodha ya programu zinazoendeshwa ichunguzwe ili ijulikane ni ipi inayoitumikisha prosesa. Ikiwa ni masasisho au uorodheshaji, mashine iachwe kwenye umeme usiku mmoja imalize kazi yake. Kelele zikiendelea ilhali prosesa haina kazi, viendeshi na programu ya msingi ya mashine visasishwe kutoka kwa mtengenezaji, na kidhibiti cha umeme kiwekwe upya kwa kufuata maelekezo yake.

Hatua ya mwisho ni kufungua. Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe na betri itenganishwe. Nyaya zote zikaguliwe, hasa za feni na vihisi joto. Vumbi lipulizwe huku mabawa yakishikiliwa yasizunguke. Katika mashine kongwe, dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ibadilishwe.

Hitimisho

Wapo wanaokimbilia kuchomoa waya wa feni au kutumia programu ya kuipunguza kasi. Kelele hukoma, lakini joto hubaki, na mashine huweza kujizima ghafla katikati ya sura ambayo haijahifadhiwa. Mwanafunzi aliyebakisha wiki moja awasilishe tasnifu hawezi kuumudu utulivu wa namna hiyo. Imebainika kwamba mara nyingi dawa ni subira, programu sahihi au waya mmoja kurudishwa mahali pake, wala si kununua feni mpya. Anayetafuta chanzo kabla ya kushika bisibisi huokoa fedha zake, na pengine kazi yake ya miaka miwili.