Fahamu: Kupandikiza kiinitete kimoja au viwili?

Januari 2009, huko California, Marekani, Nadya Suleman alijifungua watoto 8 kwa mkupuo. Daktari wake, Michael Kamrava, alikuwa amempandikizia viinitete 12. Watoto wote walinusurika. Leseni ya daktari haikunusurika. Ilifutwa mwaka 2011.

Kisa hicho kilipita kiasi, lakini swali lake halijaisha: mayai yakisharutubishwa maabara, viinitete vingapi virudishwe kwenye mfuko wa uzazi? Wanandoa wengi hutaka viwili. Gharama ni kubwa, umri hausubiri, na pacha huonekana kama neema maradufu. Daktari huwaza mengine: watoto njiti, kifafa cha mimba, mama kuvuja damu.

Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa 2004 ulihusisha wanawake 661 wa chini ya miaka 36. Waliowekewa viwili kwa pamoja, karibu asilimia 43 walipata mtoto. Waliowekewa kimoja, kisha kingine kilichogandishwa iwapo cha kwanza hakikushika, walikuwa karibu asilimia 39. Tofauti ndogo. Lakini kati ya waliojifungua, kundi la kwanza theluthi moja walipata zaidi ya mtoto mmoja. La pili hawakufika hata asilimia 1.

Kwa mwanamke wa miaka 40 hesabu hubadilika, maana viinitete vingi havishiki. Aliye kijana, kimoja kinatosha. Kabla ya kusaini, uliza kliniki kama inagandisha vinavyobaki, na kwa bei gani.