Koo Baada ya Sigara ya Mwisho

Mtu anayeacha sigara aghalabu hutazamia koo litulie upesi. Katika wiki za kwanza wengi huona mengine kabisa: kikohozi huzidi, makohozi huwa mengi na wakati mwingine yana rangi ya kahawia, na kila anapotaka kusema lazima ajikohoze kwanza. Sauti hukwaruza, hasa asubuhi. Baadhi huumwa koo na kutoka vidonda vidogo mdomoni. Wapo wanaorudia sigara kwa sababu hiyo tu, wakiamini kwamba mwili uliizoea na sasa unaugua kwa kuikosa. Dhana hiyo imewaponza wengi. Sehemu kubwa ya usumbufu huo ni kazi ya usafi iliyokuwa imesimama kwa miaka na sasa imeanza upya.

Njia ya hewa, tangu puani hadi kwenye matawi membamba ya mapafu, imetandwa na utando wenye seli za namna mbili kuu. Baadhi hutoa ute, nyingine zimeota silia, yaani vijinywele hai vinavyojongea vyenyewe. Seli moja hubeba silia zipatazo 200, na urefu wa kila moja ni kama maikromita 6. Zingehitajika zaidi ya 150 zilizoungwa ncha kwa ncha ili kutimiza milimita moja. Vumbi, vijidudu na masizi hunaswa na ute, kisha silia huusogeza ute huo kwenda juu, milimita chache kwa dakika, hadi kooni, unakomezwa pamoja na mate bila mwenyewe kujua. Mapafu ya mtu mwenye afya husafishwa hivi usiku na mchana.

Silia hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, na ajabu yake iko katika namna ya kupiga. Kitu kidogo kiasi hicho, kikienda mbele na kurudi nyuma kwa mtindo uleule ndani ya majimaji mazito, hakisogezi chochote, kwa sababu kilichopelekwa mbele hurudishwa nyuma. Mpiga kafi analijua jambo hili kwa mikono yake. Hulizamisha kafi anapovuta, kisha hulinyanyua na kulirudisha mbele hewani, ambako hakuna cha kulizuia. Angelirudisha ndani ya maji kwa upana uleule, mtumbwi ungebaki pale pale. Silia nayo hufuata kanuni hiyo, ila mambo yamepinduliwa juu chini. Ute umelala kwa matabaka mawili: chini, zilikosimama silia, kuna maji mepesi, juu yake kuna utelezi mzito unaonata, na humo ndimo taka zilimonaswa. Silia inaposukuma husimama wima na kukakamaa, ncha yake ikalifikia tabaka zito na kulisogeza. Inaporudi hujikunja na kupita chini kabisa, ndani ya maji mepesi, isije ikaliburuta tabaka la juu nyuma. Maji mepesi kwake ni kama hewa kwa kafi. Tena silia hazipigi zote kwa mkupuo kama wapiga makafi wanaofuata wimbo mmoja. Kila moja huanza punde baada ya jirani yake, hivyo wimbi hutambaa juu ya utando mzima, na hakuna nukta ambapo ute hukosa wa kuusogeza.

Nguvu ya kujikunja hutoka ndani ya silia yenyewe. Kila moja ina jozi 9 za vijibomba vya protini, zilizozunguka vijibomba 2 vya katikati. Protini inayoitwa dainini, ambayo mwanasayansi Ian Gibbons na mwenzake waliipa jina hilo mwaka 1965, hutokeza kwenye jozi moja kama mkono na kuishika jozi ya jirani, ikavuta na kuachia, ikavuta tena. Jozi huteleza moja kando ya nyingine. Na kwa kuwa zimefungwa pamoja shinani, haziwezi kuteleza bila silia nzima kupinda. Mpangilio huohuo wa 9 na 2 umo katika mkia wa mbegu ya kiume na katika paramesia anayeogelea madimbwini. Ni mtambo wa maumbile uliodumu na kusambaa kwa viumbe wengi mno.

Moshi wa sigara, wenye kemikali zaidi ya 7,000, huuharibu mtambo huu kila upande. Silia hupunguza kasi na hufupika; seli zake hufa, na mahali pengi huchukuliwa na seli bapa zisizo na silia. Seli za ute, kwa upande wao, huongezeka na kufanya kazi kupita kiasi. Tabaka la maji mepesi hupungua na utelezi hushuka, na silia iliyonaswa humo ni sawa na kafi lililokwama topeni. Taka zinabakiwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ni kikohozi. Ndiyo maana mvutaji hukohoa sana anapoamka, baada ya usiku mzima wa ute kurundikana. Hata hivyo moshi hufubaza pia neva zinazoamsha kikohozi, hivyo mvutaji hukohoa kidogo kuliko hali ya njia yake ya hewa inavyodai.

Sigara inapokoma, mambo mawili hurudi takriban pamoja. Silia zilizosalia hupata nguvu na mpya huota, na ute uliolala huanza kusafiri. Neva nazo huamka: katika muda wa wiki mbili hivi hisi ya kikohozi huwa imeanza kunoleka tena. Mzigo wa zamani unapanda njiani, na mlinzi wa njia hasinzii tena. Kikohozi cha wiki hizo ni matokeo ya yote mawili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kukohoa na kuishiwa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na miezi 9 baada ya kuacha.

Safari ya ute hupita kwenye zoloto, nyumba ya sauti, na hapo pana kikwazo. Nyuzi za sauti, ambazo hasa ni mikunjo miwili ya nyama, hugongana mara 100 hadi 130 kwa sekunde mwanamume wa kawaida anapozungumza, na mara 200 hivi kwa mwanamke. Silia haziwezi kuishi penye kishindo hicho, kwa hiyo kingo za mikunjo zimefunikwa na seli bapa ngumu, na ute hulazimika kupita upande wa nyuma, kwenye uwazi kati ya ncha za mikunjo. Ukiwa mzito hukwama hapo, na mtu huhisi kitu kimemganda kooni. Kujikohoza kwa nguvu huzigonganisha nyuzi na kuzivimbisha zaidi; funda la maji na kumeza taratibu hufaa kuliko kukwangua koo.

Unene wa sauti una chanzo kingine. Chini ya ngozi ya kila mkunjo kuna tabaka laini kama jeli, lililopewa jina la mwanaanatomia wa Ujerumani, Friedrich Reinke, aliyelieleza mwaka 1895. Ulaini wake ndio unaoiwezesha ngozi kupepea. Kwa mvutaji wa miaka mingi tabaka hilo hujaa majimaji, mkunjo huwa mzito, na kitu kizito hutetema polepole. Mwanamke hupokea simu akaitwa “kaka”. Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa sigara na kwa sauti nzito, lakini umri peke yake pia huinenepesha sauti ya mwanamke, na yeye aliimba hadi uzeeni. Sigara ikiachwa, uvimbe huacha kukua na mara nyingi hupungua, sauti ikapanda na kusafika miezi inavyopita. Uvimbe wa siku nyingi huenda ukahitaji upasuaji, na madaktari hutaka sigara iachwe kwanza, kwa sababu ikiendelea uvimbe hurudi.

Hatari ya saratani ya zoloto hushuka kadiri miaka ya kutovuta inavyoongezeka, ingawa kwa muda mrefu haifikii ile ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta. Aliyewahi kuvuta, sauti yake ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, au akitema damu, asisubiri silia zimalize kazi: aende kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangaliwe zoloto.